Mlango wa Ghorofani, Kenyatta Avenue

Nakuru
3 Februari 2025

Mama Kipsang,

Salamu. Ni mimi Nyakio, Mama Sue, uliyepiga naye taipu pale Avenue. Anwani yako nimepewa na mtu wa kanisa lenu hapo Ravine. Ikiwa barua hii iko mikononi mwako, basi posta bado inafanya kazi.

Sina habari mbaya. Kuna kamati hapa mjini, watu wazima waliostaafu, ambao tangu Nakuru iitwe jiji wamepata hamu ya kuandika historia ya mtaa. Wanataka majumba ya zamani ya Kenyatta Avenue yatundikwe vibao, kila kibao kieleze jumba hilo lilikuwa nini. Mwenyekiti anaitwa Karanja. Alikuwa karani wa benki, na bado anavaa tai hata Jumamosi.

Wameanzia chini, upande wa reli. Kibao cha kwanza kinasema barabara ilifanywa pana ili mikokoteni ya ng'ombe ya masetla Wazungu iweze kugeuka bila shida. Kamati haina hakika, ndiyo maana wameanza na neno "inasemekana". Wameandika cha klabu ya masetla, cha sinema ambayo sasa ni kanisa, na cha yale maduka ya Wahindi yenye tarehe juu ya paa. Hata mijakaranda ya kando ya barabara imeandikiwa chake. Sasa wamefika kwa Jumba la Vishram, na mimi ndiye wa pekee waliyempata anayekumbuka ghorofani palikuwa nini. Nimeandika hivi:

"JUMBA LA VISHRAM. Mawe ya kijivu, kabla ya Vita vya Pili. Chini palikuwa duka la vitambaa, kisha la spea za magari. Juu, Nyakio Mathenge na Jepleting Kosgei waliendesha ofisi ya taipu iliyowahudumia wakulima, mawakili na wapenzi, hadi kompyuta zilipoingia na kuifunga."

Wapenzi wameongezwa na Karanja.

Kwa kuwa jina lako limo, nimeona si vizuri litundikwe barabarani bila wewe kujua. Soma, urekebishe panapohitaji, unirudishie. Ofisi yetu sasa ni ya daktari wa meno. Ngazi zimewekwa vigae na zinateleza. Sue alimaliza chuo, anafanya kazi ya maabara, na ana gari kuukuu ambalo hukaa kwa fundi zaidi kuliko barabarani.

Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Wako,
Nyakio


Ravine
24 Februari 2025

Mama Sue,

Barua yako nimepata. Ilikuwa imewekwa kwenye meza ya kanisa chini ya bili ya maji.

Namba nimeiona lakini sitapiga. Kwenye simu mtu hukatiza mwenzake.

Marekebisho ni haya. Kabla ya vitambaa, chini palikuwa duka la mabomba na mitungi ya maziwa, ndiyo maana ile sakafu ilikuwa na alama za duara. Umewasahau akina mama waliokuja kuandikiwa barua kwa watoto wao waliofungwa. Hao hawakuwa wakulima, wala mawakili, wala wapenzi, na walikuwa wengi kuliko wote. Wengine walikuwa wakituambia la kuandika huku wameangalia dirishani.

Kibao cha klabu sijui mmeandika nini. Baba yangu alibeba sinia pale tangu akiwa kijana mpaka mgongo ukamkataa, na siku zote aliingia kwa mlango wa jikoni. Hata baada ya Uhuru, mguu wake wenyewe tu ulimpeleka kwa mlango wa jikoni. Kama kibao kinasema watu wa mji walijumuika pale, mwambie huyo Karanja akifute.

Sentensi yako ya mwisho si kweli. Kompyuta hazikutufunga. Tulikuwa tumenunua moja tayari, tukaifunika kitambaa cha meza, na wewe ndiye uliyejifunza kuitumia kwanza. Tulifungwa Januari 2008. Siku unaijua na mlango unaujua.

Ondoa jina langu. Andika lako pekee, nalo linatosha. Sisemi haya kwa hasira. Hasira ilikwisha kitambo, kilichobaki ni kutotaka kusoma uongo kila nikija Nakuru kununua mbegu.

Jepleting Kosgei


Nakuru
6 Machi 2025

Mama Kipsang,

Sijui ni mlango gani unaosema. Nimesoma barua yako mara nyingi, nikaisoma pia kwa sauti, na bado sijui.

Kwa kuwa umeanza, nami nitasema langu. Siku chache kabla ya Krismasi ya 2007 uliifunga mashine yako ya taipu kwa leso mbili ukashuka nayo ngazini. Watu walikuwa hawajapiga kura bado. Mwaka mpya ukaingia na fujo za kura na makabila, mambo uliyoyaona, na mimi nikawa nakuja ofisini kila siku barabara inapopitika, naketi mkabala na meza tupu. Mbugua, yule fundi wa viatu aliyekaa pale chini kwa nguzo, aliniuliza, "Mwenzako ameenda na mashine?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi aliambiwa mapema."

Siku ya kwanza nilimkemea. Ya pili nikanyamaza. Ilipofika Februari na hujarudi hata kuchukua sweta yako kwenye msumari, nilikuwa nimekwisha kuamini. Nilijiambia kuna watu wenu walikuja wakakueleza yatakayotokea, ukaokoa chuma ukaniacha mimi na mtoto.

Namba yako sikuipata tena. Simu yangu iliibwa mwezi huohuo. Lakini sitajificha nyuma ya simu. Ningetaka kukutafuta, Ravine si ng'ambo. Sikutaka.

Sweta niliiweka mpaka nondo wakaimaliza.

Kwa hivyo ukiniambia najua siku na najua mlango, nakuuliza na mimi. Ulijua nini Krismasi ile, na kwa nini hukuniambia?

Nyakio


Ravine
19 Machi 2025

Mama Sue,

Nilijua ndugu yangu Bethwel ataoa Jumamosi ya kwanza ya Januari, kule Mogotio. Hilo ndilo nililojua. Mashine niliichukua nikapige kadi na ratiba ya harusi nikiwa nyumbani, maana wewe ulikuwa unafunga ofisi kwa sikukuu. Nilikuambia tukiwa tumesimama kwa ngazi. Ulikuwa umeshika karatasi za wakili mdomoni ukitafuta ufunguo. Ukanijibu, "Sawa, ifunge vizuri isiingie vumbi." Ndiyo maana ya leso mbili.

Harusi haikufanyika Januari. Hata bibi harusi mwenyewe hakuweza kufika, kwao kulikuwa Molo na barabara zilikuwa zimefungwa.

Sasa la mlango, kwa kuwa unasema hulijui.

Mwezi huo, barabara ya kutoka Mogotio ilipofunguka, watu walisema Nakuru imetulia. Nikaamua nije nione kama uko salama. Namba yako ilikuwa haipatikani na kadi za simu hazikuwepo madukani. Mashine niliiacha, sikutaka kuonekana na mzigo. Niliteremka karibu na reli nikapanda Avenue kwa miguu. Mwanzoni kila kitu kilikuwa kama kawaida. Kisha nikaona mashata ya milango yanashuka, duka moja, halafu la pili, na bado ni mchana. Watu wakaanza kutembea haraka, halafu wakaanza kukimbia, na wote walikuwa wanakuja upande wangu.

Karibu na sinema vijana walinisimamisha. Mmoja aliniuliza, kwa adabu kabisa kama anayemwita mama yake, "Mathe, unaitwa nani?"

Nikasema, "Grace."

"Grace wa nani?"

Sikupata jina la kuongeza ambalo halingetaja kabila langu. Walipotazamana nikakimbia. Vishram ilikuwa hapo mbele, nikapanda ngazi zetu. Ile geti ya chuma ilikuwa imefungwa, na kufuli ilikuwa kwa ndani. Kufuli yetu, ile ya manjano. Nikaingiza mkono kati ya vyuma nikagonga mlango wa mbao. Nikasema, "Ni mimi Jepleting, nifungulie." Nikasikia kiti kinasukumwa sakafuni. Nikaona kivuli chini ya mlango, miguu ya mtu amesimama. Kisha mnong'ono, kisha kimya. Niligonga tena. Ile miguu haikusogea.

Chini nilisikia mmoja wao anasema, "Ameingia hapa." Mkono ulikuwa bado kati ya vyuma, nikauvuta kwa nguvu, na kidole cha shahada kikavunjika. Sikukisikia wakati huo. Nilishuka kwa zile ngazi za nyuma. Yule mama Mhindi wa spea alikuwa amefunga duka, lakini aliona miguu yangu akainua shata mpaka kiunoni. Niliingia kwa magoti. Aliniketisha nyuma ya mabomba ya moshi akanipa maji kwenye kikombe cha mjukuu wake. Hakuniuliza jina. Lori la polisi lilinitoa pale jioni na kunipeleka kwa uwanja wa maonyesho pamoja na wengine waliokimbia.

Kidole hakikunyooka. Sijapiga taipu tena. Barua hizi naandika kwa mkono, kama unavyoona herufi zinavyoinama.

Sweta sikuirudia kwa sababu sikutaka kukutana na mtu aliyesimama nyuma ya mlango akanisikia. Nilijua ni wewe. Kufuli ilikuwa yetu.

Jepleting


Nakuru
29 Machi 2025

Mama Kipsang,

Sikuwa mimi.

Mwisho wa mwezi ule nilikuwa Ndabibi, upande wa Naivasha. Mama ya mume wangu alikuwa amefariki, nikaenda kumzika. Sikwenda na Sue kwa sababu ya barabara. Tulipomaliza mazishi, Naivasha ilikuwa imeharibika zaidi ya Nakuru, na hakuna aliyepita. Nilikaa huko nikila viazi vya watu hadi njia ikafunguliwa.

Sue nilimwacha na ndugu yangu Jamleck. Unamkumbuka, yule mrefu aliyekuwa anatuletea njugu. Ufunguo alikuwa nao, maana aliomba aweke magunia yake mawili ofisini. Niliporudi niliwakuta nyumbani kwake. Aliniambia hawakutoka nje ya ploti muda wote huo. Sikuwa na sababu ya kumuuliza mara ya pili.

Jamleck siku hizi ni mzee wa kanisa huko Kabazi. Ana shamba na mke mnyamavu. Nitaenda nimuulize.

La mashine, naona nakumbuka. Nakumbuka neno "vumbi". Sikumbuki harusi. Nilikuwa na karatasi mdomoni, kama unavyosema.

La kidole sikujua.

Nyakio


Nakuru
14 Aprili 2025

Mama Kipsang,

Nilienda Kabazi. Nimengoja siku kadhaa kabla ya kukuandikia ili niandike kilichosemwa, nisiandike nilichohisi.

Mvua imeanza huko, na Jamleck alikuwa shambani anapanda. Nilisimama kando ya matuta na viatu vyangu vya mjini. Alifurahi kuniona. Aliniuliza kama nimeleta habari ya msiba.

Nikamuuliza, "Januari ile, ulikuwa wapi na Sue?"

"Kwangu."

"Ofisini hamkuenda?"

Alianza kutoa matope kwenye jembe kwa kidole gumba. Alilisafisha lote, upande huu na upande ule. Kisha akasema, "Tulienda. Kwangu wenye mapanga walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakitaka vijana wa kujiunga nao. Nikaona mjini ni afadhali, kuna askari."

"Jepleting alikuja?"

"Alikuja."

"Ulijua ni yeye?"

"Alisema jina lake."

Nikamwambia alinidanganya. Akakubali. Nikamuuliza kwa nini hakufungua. Alinitazama kama mtu aliyejiuliza swali hilo zamani sana na amechoka nalo. Akasema, "Niliwasikia walio nyuma yake. Nikawaza nikifungua, wataingia pamoja naye. Na wakinikuta nimemficha, hawatamwacha mtoto. Nilikuwa na mtoto wako, Nyakio. Ungerudi kutoka Ndabibi ungeniuliza nini?"

Mama Kipsang, swali hilo nilikuja nalo mpaka nyumbani. Siwezi kukuambia alifanya vizuri, wewe ulikuwa upande ule wa mlango. Siwezi kumwambia yeye alifanya vibaya, aliyekuwa upande huu ni mtoto wangu. Nimekaa na mambo hayo mawili tangu nirudi na hakuna linalotaka kumpisha mwenzake.

Nilimuuliza mbona hakuniambia hata baada ya hali kutulia. Akasema alinisikia nikilalamika habari za mashine, nikisema ulijua na ukaenda. Akaona kama nimeshakukasirikia, basi na iwe hivyo. Ilikuwa rahisi kwake. Hilo ndilo ninalomlaumu bila wasiwasi wowote.

Nilipokuwa naondoka aliniuliza unakaa wapi siku hizi. Nikasema Ravine, karibu na kanisa. Kama nimekosea, nisamehe.

Sue sijamuuliza kitu. Alikuwa na miaka tisa. Hajawahi kuitaja siku hiyo, nami nilidhani hana la kutaja.

Karanja nimemwambia ile sentensi ya kompyuta ni uongo. Akasema, "Mama, hivi vibao ni vya mtu anayepita na familia yake, anakula aiskrimu, anasoma, anaendelea." Nikamwambia asome kibao cha klabu kwanza. Alikuwa ameandika kwamba "watu mashuhuri walikutana" pale. Nikamweleza baba yako na mlango wa jikoni. Akasema baba yake mwenyewe alikuwa anapeleka mkaa kwa mlango huohuo. Amebadilisha. Lakini chetu anasema bado kina uzito. Amenipa hadi Juni.

Sitaondoa jina lako mpaka uniambie mara ya pili.

Nyakio


Nakuru
26 Mei 2025

Mama Kipsang,

Sijapata jibu lako. Pengine ndilo jibu.

Nimepita Vishram jana. Kanjo wa jiji wamechimba mtaro mbele yake na kuweka ubao wa kuvukia. Duka la spea sasa linauza simu. Niliuliza habari ya yule mama Mhindi. Kijana wa dukani alisema alikuwa nyanya yake, na kwamba alifariki mwaka wa korona. Nilitaka kumwambia nyanya yake alifanya nini, nikaona hilo si langu kulisema. Ni lako, ukitaka.

Karanja ananipigia kila Ijumaa.

Nyakio


Ravine
12 Juni 2025

Mama Sue,

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na la kungoja, ingawa sikujua ni nini. Sasa limefika na kuondoka.

Wiki iliyopita, Jumamosi asubuhi, niliona gari dogo la buluu linapanda njia yetu likitoa moshi. Nilidhani ni watu wa maziwa. Akatoka mzee mrefu amevaa koti la kanisani, na upande wa dereva msichana mwenye miwani. Jamleck nilimjua kwa urefu. Msichana sikumjua mpaka aliponisalimia, maana ana sauti yako.

Nafikiri hukujua walikuja. Sue alisema anko alimwomba ampeleke mahali, bila kusema kwa nani, mpaka walipofika Mogotio.

Niliwakaribisha ndani. Kipsang alikuwa kwa mifugo. Jamleck alikaa pembeni mwa kiti kama anayengoja daktari. Alisifu ng'ombe wangu. Alisema mvua ya Kabazi imezidi. Aliniuliza kama hapa tunapanda mahindi au mtama. Nikamjibu yote. Nilikuwa nimeamua simsaidii. Kama amekuja kusema, aseme, kama amekuja kunywa chai, anywe.

Hakusema. Nikaona atarudi Kabazi na ng'ombe na mvua, nikamuuliza mimi.

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Ulijua nina watu nyuma?"

"Nilijua."

"Na mtoto ulikuwa naye?"

Akasema, "Nilikuwa nimemlaza chini ya meza yako." Kisha akaanza kusema amekuja kuomba, na sauti ikamwishia hapohapo. Mikono ilikuwa magotini, imetulia, ni mdomo tu uliokuwa unahangaika.

Nilimmiminia chai. Nikamwambia, "Kunywa, itapoa." Akanywa. Usiniulize kama huo ni msamaha. Alikuwa mgeni nyumbani kwangu na chai ilikuwa tayari. Lakini nikuambie pia, nilipomtazama akinywa, sikuona miguu ya chini ya mlango. Niliona mtu ambaye amezeeka. Na nilifikiri, kama ningekuwa mimi ndani na Kipsang chini ya meza, ningefanya nini. Sikupenda jibu nililopata, kwa hivyo sikumpa.

Sasa sikiliza la Sue, kwa maana hilo ndilo lililonifanya nikae chini niandike.

Jamleck alipoweka kikombe, Sue alimgeukia akasema, "Anko, mimi nilikuambia."

Jamleck akasema, "Sue, basi."

"Nilikuambia. Ukanifunika mdomo."

Nikamwambia aseme anachotaka kusema, hapa ni kwangu.

Akasema anakumbuka yuko chini ya meza, na anakumbuka harufu ya utepe wa wino. Alisikia mtu anagonga, akasikia sauti, akaijua kabla hata sijasema jina. Akamwambia Jamleck, na Jamleck akamweka mkono mdomoni. Baadaye alimwambia hakuwa mtu, ni upepo wa ngazini, na kwamba watoto wakiogopa husikia mambo. Hakumwamini. Alingoja wewe urudi akuambie. Lakini uliporudi alikukuta jikoni ukimweleza jirani kwamba Jepleting aliondoka Krismasi, alichukua mashine yake, alijua. Akajiambia, kama mama anasema aliondoka Krismasi, basi haiwezekani alikuwa mlangoni Januari. Basi yeye ndiye aliyesikia vibaya. Akaacha.

Mama Sue, ameishi na hilo miaka yote. Ananiambia hata leo hawezi kukaa chumba ambacho kuna mtu anagonga na hajafunguliwa, hata kama ni fundi wa stima. Alikuwa analia, lakini bila fujo, kama unavyolia wewe. Usimkasirikie kwa kutokukuambia. Na usijikasirikie sana. Mimi nilikuhukumu kwa kufuli, na wewe ukanihukumu kwa mashine, na mtoto akakaa katikati.

Kibao kiandikwe, na jina langu libaki. Mpe Karanja hii, na ukimpa mwambie sipunguzi neno:

"JUMBA LA VISHRAM. Chini palikuwa duka la mabomba na mitungi ya maziwa, kisha vitambaa, kisha spea, na mwenye spea alimfungulia mtu mlango siku ambayo milango mingi ilikuwa imefungwa. Juu, Nyakio Mathenge na Jepleting Kosgei waliwaandikia watu barua. Ofisi ilifungwa Januari 2008, mji ulipogawanyika. Wenye ofisi wote wawili wako hai."

Akisema ni kizito kwa mtu wa aiskrimu, mwambie mtu wa aiskrimu anaweza kuvuka barabara akasome cha mijakaranda.

Yule kijana wa simu nitakuja kumwambia mwenyewe habari ya nyanya yake. Si mwezi huu, tuna ng'ombe anayekaribia kuzaa. Nikija nitakutafuta. Sijui tutaongea nini. Tunaweza kuketi tu.

Moja la mwisho. Walipokuwa wanaondoka, Jamleck alitangulia garini. Sue alibaki mlangoni akitafuta funguo kwenye mkoba. Kwa miaka yote hii, nikikumbuka ile siku, kitu kibaya kuliko kidole na kuliko wale vijana kilikuwa ule mnong'ono. Nilifikiri ni mtu anamwambia mwingine nyamaza, atachoka ataenda. Nikamuuliza Sue, kabla hajafunikwa mdomo, alimwambia anko wake nini hasa.

Akasema, "Nilimwambia ni anti Jepleting, tumfungulie."

Nikamwomba arudie. Akarudia.

Jepleting